Mpaka wa Uganga

Mganga anapofika mwisho wa uwezo wake, mgonjwa anamdai nini? Swali hili si geni, walakini ni nadra kuulizwa waziwazi, kwa kuwa mgonjwa huona haya kuliuliza na mganga huona hofu kulijibu. Mimi nimekaa nalo tangu utotoni, wala nisingethubutu kuliandikia lau mwanafunzi wangu mmoja asingelifufua pasipo kukusudia.

Mwanafunzi huyo alikuwa akiandika tasnifu fupi juu ya matatizo ya tafsiri. Alichagua vitabu vya J. K. Rowling vya mtoto Harry Potter, ambavyo cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, na ambavyo vijana wengi wa mjini Morogoro wamevisoma au wameziona filamu zake. Katika ulimwengu ule wa kubuni mna shule ya wachawi, wizara ya wachawi, na hospitali ya wachawi. Alipolisoma darasani fungu lenye maneno "hospitali ya wachawi", wenzake wote waliangua kicheko. Kwa sikio la Kiswahili maneno hayo hayakai chumba kimoja: hospitali ni mahali pa kuponea, na mchawi ndiye aliyekufanya uihitaji. Akayafuta, akaandika "hospitali ya waganga". Kicheko kikakoma, lakini maana nayo ikapotea, kwa sababu watu wa kitabu kile wamezaliwa na nguvu zao kama mtu azaliwavyo na urefu wake, na mganga wetu hakuzaliwa na kitu. Yeye ni mtu mwenye kazi aliyofundishwa, aghalabu na mzee wa ukoo wake, na yamkini akaifanya vizuri au vibaya.

Tusiupite upesi mkasa huo mdogo. Kiingereza huweza kuweka nguvu moja katikati na kuuliza ni nani anayeitumia, mwema au mwovu. Kiswahili hakikuanza na nguvu, kilianza na tendo. Kuroga ni tendo, kuagua ni tendo, kuzingua ni tendo, kupiga ramli ni tendo, na kuganga ni tendo. Na kuganga kwenyewe, ukilitazama neno kwa jicho la fundi, halina ajabu kubwa ndani yake. Gango ni kitu kinachoshika na kuunganisha vipande vya kilichovunjika. Tunaposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hatuombi muujiza. Twaomba kufunga mahali palipolegea. Basi mganga, kwa jina lake, ni mfungaji wa kilichovunjika, na kila aliyewahi kufunga kitu ajua kwamba si kila kitu hufungika.

Waandishi wa hadithi za kubuni wana uhuru ambao sisi hatuna. Rowling angeweza kuwapa watu wake uganga usio na mwisho, na kwa kiasi fulani aliwapa. Mifupa ya mkono wa Harry iliyotoweka kwa uzembe wa mwalimu wake huoteshwa upya kwa usiku mmoja, kwa dawa chungu na maumivu mengi. Hata hivyo aliweka mipaka mitatu, akaishika. Jeraha la uchawi mwovu halirudishiki: kijana aliyekatwa sikio hubaki bila sikio. Aliyekufa haamshwi kwa neno lolote. Na katika hospitali ile ile mna wodi ya wasiopona, walipolazwa mume na mke walioteswa mpaka akili zikawatoka. Mtoto wao huenda kuwatazama, na mama, asiyemjua tena, humpa karatasi tupu ya peremende. Mwandishi hakulazimika kuiandika wodi hiyo. Nadhani aliiandika kwa kuwa alitambua kwamba uganga usio na mwisho ungeifanya kila huzuni ya kitabu chake kuwa uvivu wa mtu fulani asiyekwenda kuchukua dawa. Lakini mpaka ule umechapwa kitabuni. Mhusika aujua, na msomaji aujua. Mpaka wa uganga wetu haukuchapwa mahali, na hapo ndipo taabu ianzapo.

Niruhusiwe sasa kueleza habari za mtu mmoja niliyemjua.

Mama yangu alizaliwa katika kijiji kimoja juu ya Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako jina la Kingalu hutajwa bado kwa heshima na mvua. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno katika maisha ya wapwa wake kuliko wageni wawezavyo kudhani. Mjomba wangu mkubwa alikuwa mganga wa mifupa. Aliyeanguka mnazini, aliyeteleza na mkungu wa ndizi begani, aliyepigwa teke na punda, wote waliletwa kwake. Aliulaza mkono au mguu juu ya paja lake, akaufumba macho akiupapasa kwa vidole, kisha akauvuta. Nilisikia vilio vingi vya watu wazima katika ua ule. Baadaye aliufunga kwa vipande vya mianzi na kamba za mgomba, akachukua kifaranga, akakivunja mguu, akakifunga vilevile. Kifaranga kilikaa na mgonjwa. Siku kilipotembea bila kuchechemea, mjomba alihesabu mwezi mmoja zaidi, ndipo akaufungua mguu wa mtu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimejaa majivuno ya vitabu, nilimwuliza kama kifaranga ndicho kinachoponya. Alicheka sana. Akasema, "Mpwa wangu, mtu hawezi kukaa chini miezi miwili kwa kuambiwa na mimi. Lakini akimwona kuku bado anachechemea, atakaa." Sijapata kuona jibu lililonyosha hivi suala ambalo wanaelimu huliandikia kurasa mia. Kifaranga kilikuwa kalenda, na kilikuwa mwenzi, na labda kilikuwa dua pia. Yeye hakuona sababu ya kuvitenga vitatu hivyo.

Lakini jambo lililomfanya asifike katika bonde lote lilikuwa jingine. Kama mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, au kama aliinusa bandeji akakunja uso, alisimama, akanawa, na kusema maneno mawili: "Si wangu." Hakutoza senti. Hakutaja mizimu, wala jirani mwenye kijicho. Mgonjwa alipandishwa machelani, akateremshwa Morogoro.

Nilidhani zamani kwamba kila mganga hufanya hivyo. Nilipokua niliona kwamba walio wengi, na wengi wao si matapeli, wana njia nyingine ya kuushughulikia mpaka, nayo ni mwiko. Dawa hutolewa pamoja na miko: usile samaki mwenye magamba, usivuke mto, usilale na mkeo, usitazame nyuma, usimpe mtu mkono siku saba. Mtu akipona, dawa imefanya kazi. Asipopona, bila shaka alivuka mto. Si neno geni hilo, lakini watu hawaligeuzi wakaliona upande wa pili. Mwiko hauuondoi mpaka wa uganga. Huuhamisha kutoka kwa dawa ukaupeleka kwa mgonjwa. Dawa haina mwisho, mwenye mwisho ni mtu aliyeimeza. Kwa hesabu hiyo hapana dawa itakayoshindwa hata siku moja, na kila maiti ni mkosaji.

Historia ya nchi hii imelilipia jambo hilo damu nyingi. Ndani ya milima hii hii lipo pango la Kolelo, ambako watu wa Uluguru na Uzaramo walikwenda kuomba mvua na mazao, na jina hilo lilitajwa mwaka 1905 pamoja na la Bokero wa Rufiji ilipoenea habari ya dawa mpya. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Palikuwa na miko: wapiganaji wasikaribie wanawake, wasipore mali. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai mwaka ule. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na husimuliwa kwamba alikwenda kwenye kitanzi akisema dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge, hivyo kifo chake si neno. Ilikuwa imefika kweli. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliikabili boma la Mahenge, wakaziendea bunduki za rashasha katika uwanja wa wazi. Vita na njaa iliyovifuata, mashamba na maghala yalipochomwa, viliua watu ambao wengine huwakadiria kuwa 75,000 na wengine hufika 300,000.

Mara ya kwanza mtu alipoanguka kwa risasi, wenzake wangeweza kusema mojawapo ya maneno mawili: maji hayazuii risasi, au huyu amevunja mwiko. Neno la pili lilikuwa tayari mdomoni, limewekwa hapo kabla ya vita kuanza. Sitaki kueleweka vibaya. Maji yale yaliwaunganisha watu wa lugha nyingi ambao hapana amri wala mkutano ungaliwaunganisha, na ushujaa wao ulikuwa ushujaa wa kweli. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, alimfanya mtoaji wa maji mwenyewe ateswe na shaka hiyo, na ndiyo sababu tamthilia ile hukaa moyoni kuliko hotuba. Lakini watoto waliokufa kwa njaa mwaka 1907 hawakuvunja mwiko wowote.

Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 2011, maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Kutoka Morogoro nako walikwenda, na baadhi walirudi wamebebwa. Mzee yule, aliyefariki Julai 2021, hakutajirika kwa bei ile, na sina haki ya kumwita mwongo. Ila dawa yake nayo ilikuwa na sharti: ifanye kazi ni lazima aitoe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mahali pale. Wapo walioacha vidonge vyao vya Virusi vya Ukimwi kwa kuamini wamepona. Hawa wakizorota waliambiwa nini na majirani? Imani yako ilikuwa haba. Tazama jinsi mwiko unavyoweza kukaa hata ndani ya moyo, ambamo hapana awezaye kuingia kuhakiki.

Habari za wanaotaka viungo vya watu wengine ili wawape wateja wao utajiri sitazizungumza hapa. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na jambo hilo halihitaji falsafa, lahitaji polisi.

Tuna methali isemayo sikio la kufa halisikii dawa. Hunukuliwa msibani kwa sauti ya upole, kama faraja, na huenda kwa wengine ni faraja. Mimi huisikia vingine. Yaiweka kasoro katika sikio la marehemu, naye hawezi kujitetea tena. Waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine, mganga hajigangi, na hiyo ndiyo niipendayo, kwa kuwa yamrudishia mganga mwili wake: naye huumwa, naye hufika mahali mikono yake isipofika. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Mgeta akiutania mwarobaini uliopandwa uani kwake: waliouita hivyo, alisema, walikuwa watu waaminifu, walihesabu maradhi arobaini wakanyamaza, hawakusema arobaini na moja.

Na uaminifu wa namna hiyo una faida nyingine kuliko adabu. Dawa isiyoweza kushindwa haiwezi pia kuboreshwa. Dawa mseto ya malaria, inayotumika nchini tangu mwaka 2006, sehemu yake moja ina asili katika mmea wa tiba za jadi za China. Bibi Tu Youyou, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliutafuta mmea huo kwa kusoma vitabu vya waganga wa kale. Majaribio yake ya kwanza hayakutoa matokeo ya kutegemewa, akayaandika hivyo hivyo, akarudi kwenye kitabu cha karne ya nne, akatambua kwamba pengine moto wa kuchemshia ndio ulioiharibu dawa. Angesema wagonjwa wamevunja mwiko, tungekuwa tunazika mpaka leo kwa wingi kuliko tunavyozika. Wenzetu wa Muhimbili, wanaochunguza dawa zetu za asili tangu mwaka 1974, hulijua vyema jambo hili: mganga anayewaambia mti fulani haukufaa huwasaidia kuliko mganga ambaye miti yake yote hufaa.

Hadi hapa msomaji ataona nimekwisha kuhukumu, na kwamba hukumu yangu ni kwa upande wa mjomba. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Sharti sasa niseme neno linalonizuia nisiifunge hoja mahali hapa.

Mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka tisa, mdogo wangu alishikwa na degedege. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Jina la ugonjwa huo hunasibishwa na ndege: wazee wetu husema ndege wa usiku, na wengine husema nondo, amempitia mtoto kwa kivuli chake, akamtikisa kama atikisikavyo yeye. Waganga hupoza kwa maji na majani, au kwa moshi. Sehemu za Bagamoyo na Kilombero hufukiza kinyesi cha tembo. Na ipo imani iliyoenea mno kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Madaktari huikasirikia imani hiyo, lakini haikuzuka kwa ujinga. Degedege nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Mtoto hupelekwa hospitali amechelewa, hupigwa sindano, na wengi hufa baada ya sindano. Aliyeona mara tano kwa macho yake ameona kweli. Alichokosa kuona ni siku tatu za kwanza.

Masika ilikuwa imeshika. Mama alimbeba mtoto akakimbia kwa kaka yake, kwa maana wakati huo hakukuwa na mtu mwingine wa kumkimbilia. Mjomba alimtazama mtoto, akamgusa shingo, akanawa. "Dada, si wangu. Mteremshe sasa hivi."

Mama alimwomba awashe moto tu. Amfukizie kidogo, amwagie maji kidogo, kisha ateremke. Mjomba alikataa. Alimpa kijana wa kumsindikiza, akampa mwavuli, akasimama mlangoni mpaka walipopinda. Mwendo ule ulikuwa wa saa nne kwa njia iliyogeuka matope, na mtoto alitikisika mgongoni mwa mama mara mbili, kisha akaacha kutikisika. Walifika akiwa hai. Alipigwa sindano. Alfajiri alikuwa amekufa.

Kijiji kilisema sindano. Ingekuwa rahisi sana kwa mjomba kukubali, na angejipatia sifa, hakukubali. Alisema msibani, mbele ya watani waliokwisha kuanza kufanya mzaha wao, kwamba homa ilikuwa imemtangulia kila mtu. Mama alimsikia. Hakusema naye kwa miaka mingi isipokuwa salamu.

Nilipokuwa mkubwa nilimweleza mama kwa ufasaha wa mwanafunzi kwamba kaka yake alikuwa na haki: lau angewasha moto, yeye mama angekaa kuusubiri moto, na saa hizo zingepotea. Mama aliniacha nimalize. Akasema, "Najua hakuweza kumponya. Sikumwomba amponye. Nilitembea saa nne na mtoto mgongoni, sina kitu mkononi."

Hapo nilipata kuelewa kwamba mimi na mjomba tulikuwa tumejibu swali ambalo hakuliuliza. Kiswahili kina kuponya, na kina kupoza. Kuponya ni kuumaliza ugonjwa. Kupoza ni kuupunguzia moto wake, na si ule ulio mwilini mwa mgonjwa tu. Hupozwa pia mama, hupozwa nyumba. Mjomba alikuwa mkweli juu ya kuponya, na katika kuwa mkweli aliuzuia upozaji, akauhesabu kama uongo. Je, ulikuwa uongo? Moto ukiwashwa na mtu ambaye watu wote wamjua kwa jina la mganga husema jambo hata kama yeye kinywa chake kimenyamaza. Husema: ngoja, kazi inafanywa. Hiyo ndiyo hoja ya mjomba, nami sijapata kuivunja. Lakini kwamba ukweli wake ulimwacha dada yake peke yake njiani, hilo nalo sijapata kulivunja.

Yawezekana mambo haya mawili yakakaa pamoja? Nimeona mahali yalipokaribia. Huko huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki kwa wagonjwa wa kifafa. Ugonjwa huo umebeba kufa ndani ya jina lake, na watu waliuogopa hata kumgusa aliyeanguka. Wengi waliungulia motoni kwa kuwa hapana aliyethubutu kuwavuta. Vidonge alivyotoa daktari huyo haviponyi kifafa. Huzuia kuanguka kwa muda mgonjwa anapovimeza, na mgonjwa akiviacha kwa ghafula anguko hurudi, pengine kwa ukali zaidi. Kwa hiyo mpaka wa dawa ilibidi usemwe siku ya kwanza kabisa, kwa kila mmoja: hii haitakumalizia ugonjwa, na utarudi hapa tena na tena. Na kule kurudi tena na tena, kukaa benchi moja na wengine wenye makovu ya moto, kuitwa kwa jina, ndiko kulikokuwa kupoza. Hapo mpaka ulitajwa, na aliyeutaja hakuondoka.

Nasema basi, kwa kadiri nionavyo, kwamba mgonjwa hudai vitu viwili: aambiwe mwisho wa uwezo uko wapi wakati bado kuna saa za kutumia, na baada ya kuambiwa asiachwe. Mganga mwenye miko humnyima la kwanza. Mjomba wangu alilipa la kwanza kwa ukamilifu, la pili akampa mwavuli. Si deni dogo, na sina hakika mtu mmoja aweza kulilipa lote kwa mkono mmoja na kwa saa moja.

Wala hospitali haina kinga juu ya kosa hili kwa kuwa tu ina darubini. Mwaka 2012 mama aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata aliambiwa hivyo tena, kwa upole, kwa miezi mitano. Hapana aliyemdanganya. Hapana aliyemwambia kitu. Kila mara alipewa tarehe, na tarehe ni mwiko wa hospitali: asiyepona ni yule ambaye siku yake haijafika, au imempita. Mwishoni ni mhudumu wa usafi aliyemvuta kando akamwambia, "Mama, nenda ukakae na wanao." Tulimshukuru mwanamke yule kuliko tulivyowashukuru wasomi, nami niliona aibu kwa niaba ya usomi.

Tukampeleka nyumbani Kinole. Mjomba alikuwa na umri wa miaka zaidi ya themanini, macho yamepungua, ameacha kazi. Alikuja kwa fimbo, bila mfuko wake. Akaketi kwenye kigoda, wakanyamaza wote wawili kitambo kirefu. Kisha akasema, "Dada, sikuja kukuganga."

Mama akasema, "Najua, kaka. Washa moto."

Akauwasha, uani, kwa mikono yake iliyotetemeka, akatia majani ambayo sikuyajua, nasi tukamsogeza mama karibu. Aliuota karibu kila jioni kwa wiki saba, mpaka Februari 2013. Katika siku hizo nilimwuliza mjomba, mama akiwa amelala, kama sasa angeuwasha ule moto wa mwaka 1989. Alifikiri, akasema hapana. Siku nyingine nilimwuliza mama kama sasa amemwelewa kaka yake. Naye alisema hapana.